Mama Waya na Diski Niliyotaka Kuifuta

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Mama Waya atarudisha funguo za chumba cha kompyuta baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini mnisamehe: Jumatatu funguo hizo nakabidhiwa mimi, msaidizi wake, nami naogopa.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa masjala. Kompyuta ya kwanza ilipofika, wakubwa waliifunika kitambaa wakaiogopa, yeye akaifunua. Jina la Mama Waya alilipata kwa kupita wodini na waya begani kama mkoba, na mpaka leo wapo wauguzi wasiojua jina lake la kweli.

Kazi yake kubwa ilianza mashine ya eksirei ilipokuja na mfumo endeshi wake, tofauti kabisa na ule wa kompyuta za wodini na za chumba cha upasuaji. Zikawa kama wake wenza: nyumba moja, salamu hakuna. Picha zilibebwa kwenye bahasha, mhudumu akikimbia nazo hata mvua ikinyesha. Mama Waya alihangaika miezi minne hadi akatengeneza folda ya pamoja: eksirei inaweka picha, daktari anaifungua palepale alipo. Tunaitumia kila siku na wengi hatujui hata kama ipo.

Sasa niseme la kwangu. Miaka miwili iliyopita kompyuta ya eksirei ilikufa asubuhi, na folda ikatoweka nayo. Dereva wetu wa gari la wagonjwa alikuwa amelazwa mezani, ametoka kwenye ajali, na daktari wa upasuaji anaisubiri picha yake. Nakala pekee ilikuwa kwenye diski ya akiba, iliyoandikwa kwa mfumo wa eksirei. Nilikimbia nayo, nikaichomeka kwenye kompyuta ya chumba cha upasuaji. Ikasema haiitambui, ikauliza kama iiandae upya. Mimi na kiherehere changu nikadhani huo ndio msaada. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye "ndiyo" Mama Waya alipokidaka.

Kuandaa upya ni kufuta. Ningefuta picha ya dereva na za wagonjwa wote wa miaka sita. Hakunifokea. Aliichomeka diski kwenye kompyuta yake ndogo inayosoma mifumo yote miwili, picha ikatoka, dereva akapona. Baadaye, tukinywa chai, alinieleza kwamba mashine isiyojua kusoma ndiyo ya kwanza kutaka kufuta. Kisa hiki hakumsimulia mtu; hata mkuu wa hospitali anakisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Juzi aliichomeka diski ileile kwenye kompyuta ileile mbele yangu, swali lilelile likatokea, naye akatoka akafunga mlango. Nakala alikwisha kuziweka pembeni, ila hilo nimelijua leo. Nilikalia mikono yangu hadi aliporudi. Alicheka, akasema nimeiva. Mimi naogopa bado.

Ahsante, Mama Waya, kwa subira yako na kwa kukidaka kidole kile. Dereva ameomba akurudishe nyumbani Ijumaa yeye mwenyewe. Huko uendako ukae kwa afya na amani, na wajukuu wasikuchoshe. Jumatatu, swali lile likitokea, nitaikalia mikono yangu kwanza.