Dkt. Kalekye na Kijishamba Kisichopaliliwa

Wafiwa, majirani wa Kawangware 46 na Silanga, nanyi wa chuo kikuu, mimi ni Ndululu, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu.

Dkt. Kalekye Mutunga alizaliwa Mutitu, Kitui, tarehe 14 Machi 1949, akasoma shule ya msingi huko huko, sekondari Machakos, kisha akahitimu chuo kikuu Nairobi mwaka 1973, akabaki kufundisha ikolojia ya mimea. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu Mutunga, seremala, wakajaliwa Billy na Audrey.

Mwaka 1991 alikodi kijishamba Silanga, kando ya bwawa, akaomba kisilimwe wala kupaliliwa, apate kujua ni mimea gani hujiotea ardhi ikiachwa, na akina mama waliolima sukuma wiki pembeni wakamwita mvivu mwenye digrii, naye akacheka nao na kununua mboga zao. Mwanafunzi wake Aluoch alitegemea kijishamba hicho kwa shahada yake.

Agosti 1997 dada aliugua saratani ya tumbo, akalazwa. Mama Apiyo na wenzake, wale wa sukuma wiki, walimhurumia mgonjwa aliyeshindwa na magugu, wakaenda na majembe, wakapalilia kote pakang'aa, kisha wakaja hospitalini kwa furaha kumpa habari. Aluoch alilia mbele yao. Dada, ambaye kazi yake ya miaka sita ilikuwa imeng'olewa, aliwashukuru kwa moyo, na nikamsikia akisema: "Aluoch, wacha kulia. Enda uangalie ni nini itarudi kwanza."

Mvua zilipoanza, ukatangulia mnavu, na huo ndio Aluoch anaouandikia tasnifu sasa. Mama Apiyo alipoelezwa aliona haya sana, akajiteua mlinzi wa pale, na hata mbuzi wanamwogopa.

Dada alitutoka tarehe 2 Juni 1998, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mutunga. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani mliokesha nasi, hasa akina mama wa Silanga, ambao aliwapenda kwa dhati.

Aliacha ombi moja, kwamba kaburi hili lisipaliliwe, na Aluoch amekubali kuja kila mwaka baada ya mvua kuona kimeota nini.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Hakuna atakayekuja na jembe.