Dominika na Mkono wa Kornel

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Mama Dominika Kimaro, muuguzi wa zahanati kule Kilema. Ametutoka wiki hii. Alishona wengi wetu, na akatutania wengi wetu. Ukiingia unaugulia, atakuuliza, “Mguu umekuja nao, au umeuacha migombani?”

Alikuwa na neno lake: mraruko. Kidonda cha kukatwa, alisema, kingo zake zimenyooka. Mraruko ni nyama iliyovutwa mpaka ikaachana; kingo zake ni matambara, na ndani mna uchafu. Mraruko unaoshwa kwanza, hata mgonjwa akikutukana.

Siku moja akaletwa Kornel, mkono umefunguka toka kiwiko hadi karibu na kiganja. Kornel na kaka yake Leodegar walikuwa wakigombea mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba la urithi. Watu walipomuuliza nani kamkata, akajibu, “Muulizeni kaka yangu.” Basi! Leodegar akaletwa amefungwa kamba, na panga lake la kukatia majani ya ng'ombe limetangulizwa mbele kama bendera.

Dominika alikuwa ndani, anaosha. Akawasikia nje wakisema Leodegar apigwe hapo hapo, afe. Akauinamia tena ule mkono.

“Kornel, baba, huu ni mraruko. Panga linakata, halivuti. Nani kakuvuta?”

Kornel akageuzia uso ukutani.

“Unasema, au nikaombe chumvi jikoni?”

“Ng'ombe,” Kornel akanong'ona. “Nilimfungua ng'ombe wa kaka, ale migomba ya huyo huyo kaka. Akanigeukia na pembe.”

“Kumbe mwenye akili kwenu ni ng'ombe! Toka nje ukaseme.”

“Mama, nitampelekea isale kesho, nyumbani kwake.”

Isale, wasikilizaji, ni lile jani letu la kuombea radhi. Ukiletewa, kulikataa ni kujitakia balaa.

“Isale utapeleka,” Dominika akasema. “Lakini kaka yako kafungwa mbele ya watu. Wewe unataka kumfungulia chumbani?”

Kornel akatoka, mkono haujashonwa, akasema yote. Leodegar akafunguliwa. Hakumtazama mdogo wake. Isale alilipokea kesho yake, ila kusalimiana kulichukua muda mrefu.

Binti yake Dominika, Rachel, anakumbuka jioni ile. “Mama hakula. Alisema, ‘Mwanangu, ningeshona harakaharaka, kingo zingefichika, na mimi ningesema panga kama wao.’”

Rachel, na ukoo mzima wa Kimaro, poleni sana. Mmempoteza mama, nasi tumempoteza mtu aliyetucheka huku ametushika mkono. Mungu ampumzishe.

Nasi tuliobaki, tutafakari jambo moja tu. Siku ile pale nje palijaa watu, majirani wema, watu wa sala. Kamba ilitafutwa, ikapatikana, ikafungwa. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameutazama ule mkono.