Mzee Ambrose Polikarpo na Pikipiki Aliyoirudisha

Leo, tarehe 30 Juni, Mzee Ambrose Polikarpo ametimiza miaka sitini ya kuzaliwa na miaka thelathini na minne ya kusoma mita za maji, kwanza Makambako na baadaye hapa Njombe mjini, naye anastaafu. Kwa mwingine hiyo ingekuwa habari ya kawaida ya utumishi. Kwake ni ushindi, na tutaushangilia kama ushindi, maana katika ukoo wao hatujasikia mwanamume mwingine aliyefika sitini akipanda ngazi za ofisi bila kushikwa mkono.

Waliowahi kuwaona akina Polikarpo wanajua ninachosema. Ni watu wakubwa. Baba yao alikuwa mpasua mbao, na husimuliwa kwamba kanisani kwao misheni benchi lake lilipigiliwa mguu wa tano. Alipokuwa akivuta msumeno, mwili ule ulimtii. Alipouweka chini, akiwa na miaka hamsini na kitu, alinenepa upesi, ikaja sukari, ikafuata presha, na hakukaa sana. Kaka mkubwa, Laurenti, aliyekuwa dereva wa lori Makambako, alipita njia ile ile. Nyumbani kwao lilibaki neno moja la kufunga mjadala: ni damu yetu.

Ambrose alipoajiriwa Julai 1992 alikuwa kijana wa mwili wa kawaida, na miaka ikaenda akiwa hivyo hivyo. Suti yake ya harusi aliivaa kwenye ubatizo wa mwanawe, kwenye komunyo ya kwanza, hadi kwenye kipaimara. Akaamini kwamba damu ile imemruka. Alimshukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Mji wetu huu ni kama ulipangwa na mtu mwenye ugomvi na magoti. Ukimaliza mpando mmoja unakaribishwa na mwingine. Mzee Ambrose aliupanda na kuushuka kila siku ya kazi, kwenye tope la masika na kwenye baridi hii ya Juni inayotufanya sisi wa dawatini tugombee kukaa karibu na birika. Mbwa wa mji mzima walimfahamu. Alikuwa na sikio la ajabu pia: akipita taratibu alisikia bomba linalovuja chini ya ardhi kabla maji hayajaonekana, na mafundi wetu wamechimba mara nyingi pale alipoonyesha kwa ncha ya kiatu. Mteja aliyekuja kulalamikia ankara akiambiwa kwamba mita ilisomwa na Ambrose, mara nyingi aliaga na kwenda zake.

Lipo jambo jingine la kusema kuhusu njia yake. Kwa desturi za huku, mtu haingii uani kwa watu, akasalimu kwa kamwene, akaitikiwa, kisha akaondoka hivi hivi. Kuna viazi vya kuchemsha. Kuna makande. Kuna mahindi ya kuchoma, na msimu wa mvua kuna kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, ambacho mimi sikukisema. Kukataa ni kumdharau mwenye nyumba, na Mzee Ambrose hajawahi kumdharau mtu. Alikula kila alipokaribishwa, akafuta mdomo, akaushika mpando.

Ndipo sisi wenyewe, kwa upendo mkubwa, tukataka kumuua.

Ilikuwa Mei Mosi, miaka kumi na miwili iliyopita. Alichaguliwa Mfanyakazi Bora, na ofisi ikaona mtu aliyeteseka kwa miguu namna ile anastahili kupumzishwa. Akakabidhiwa pikipiki mpya ya kazi, imefungwa utepe. Vigelegele vilipigwa, vyangu vikiwa vya juu kuliko vyote. Mzee Ambrose akaipanda, akaizungusha uwanjani, akatupungia mkono kama bwana harusi.

Alianza kumaliza eneo lake kabla ya saa sita. Ila nyua hazikupungua, wala makande. Alisimama kila mlango kama zamani, akala kama zamani, akapiga kiki, akaenda. Chakula kilibaki kile kile, miguu ndiyo ikapewa likizo. Krismasi suti ya harusi ilikataa kufunga. Muda si mrefu kifungo cha shati kilimtoka katikati ya kikao cha wafanyakazi kikatua kwenye sahani ya maandazi, na tulicheka mpaka mwenyekiti akaahirisha ajenda. Yeye alicheka pia. Baadaye alipata kizunguzungu kwenye ngazi, akaenda kupimwa, akakutwa na presha, na kicheko kikaisha.

Mkewe, Mama Vestina, ndiye aliyemuuguza baba mkwe hadi siku ya mwisho. Aliijua njia ile yote. Alilia. Mzee Ambrose mwenyewe alianza kuwaonyesha watoto mipaka ya shamba. Alisema damu haikumruka, ilichelewa njiani, na sasa imefika.

Mwaka huo huo ilifanyika siku ya afya kazini, na Daktari Stella akaja kuzungumza nasi. Alisema ni kweli kabisa kwamba unene hurithiwa, kwamba wapo wanaozaliwa na mwili unaoweka akiba haraka kuliko wengine, na si uvivu wala ulafi. Lakini akasema pia kwamba wataalamu wamewafuatilia watu wa namna hiyo na kuona kwamba wale wanaoushughulisha mwili hawanenepi kiasi kile ambacho urithi wao ungewapeleka. Urithi hauondoki, ila nguvu zake hupungua.

Mzee Ambrose akanyoosha mkono. Akauliza, kwa heshima, inakuwaje damu imwache miaka ishirini na zaidi halafu imkamate ndani ya mwaka mmoja. Daktari akamuuliza naye: "Mwaka huo kitu gani kilibadilika, baba?"

Mzee Ambrose aligeuza shingo, akatazama dirishani. Na sisi sote tukageuza shingo, ukumbi mzima, tukaitazama ile pikipiki yetu, imeegeshwa chini ya mti wa msindano, inang'aa.

Kesho yake asubuhi ufunguo ulikuwa mezani kwa Mhandisi Timoth, bosi wetu wa wakati huo. Mhandisi aliuliza nani amemkosea. Mjini zikavuma habari kwamba ameigongesha, wengine wakasema ana dharau, anarudisha zawadi ya serikali. Mzee Ambrose alisema jambo moja tu, nalo bado linasemwa ofisini mtu akilalamikia kazi: "Kumbe nilikuwa nalipwa mshahara na dawa juu."

Pikipiki akapewa fundi mita Enoki. Huyu Enoki wetu anaipanda mpaka leo, anakula sahani mbili, na bado ni fito. Ukimtazama unaamini kwamba Mungu hakugawa miili kwa mizani moja, na kwamba hakuna sababu ya kumcheka mtu kwa alichopewa.

Msidhani basi Mzee Ambrose alirudi kuwa kijana wa 1992. Ilichukua muda mrefu, miguu ililalamika, na suti ya harusi hajaivaa tena. Bado ni Polikarpo. Kiti kikilia anajua ni chake. Dawa za presha anameza kama alivyoagizwa, na tangu aliporudi kwenye mipando vipimo vyake vimekuwa vya kumfurahisha daktari. Binti yake Jasmine, fundi cherehani Makambako, aliyeuchukua mwili wa ukoo mzimamzima, hakuambiwa na baba yake ajikondeshe. Aliambiwa tu asikubali cherehani imkalishe kutwa nzima. Sasa huenda dukani kwa miguu na kurudi kwa miguu, shingo juu, na vitenge tulivyovaa leo ni kazi ya mikono yake.

Tulipounda kamati ya kumuaga, tulifanya kama wanavyofanya wengine: tukapendekeza kochi kubwa la kuegemea, lile la kuvuta kishikio miguu ikainuka, na msafara wa magari ya kupiga honi hadi kwake mtaa wa Ramadhani. Habari zikamfikia Mama Vestina. Alikuja ofisini mwenyewe, akakataa chai, akakataa hata kukaa.

"Jamani," alisema, "baba mkwe aliweka msumeno chini, akakaa. Shemeji alikabidhi lori, akakaa. Wote niliwafulia mashuka. Mkimpa kochi mtakuwa mmemrudishia ile pikipiki."

Kamati nzima iliinamisha vichwa. Hilo ndilo lilikuwa linamnyima usingizi mama huyu, nasi tulikuwa tunaulizana rangi ya kitambaa. Mita za kisasa zinajisoma zenyewe sasa, hakuna atakayerithi njia ya Mzee Ambrose. Julai Mosi atavaa viatu aende wapi?

Jibu halikutoka kwetu, lilitoka kwenye njia yenyewe. Enoki alipokuwa akifunga mita mpya kwa Bibi Esteria, mjane anayeishi juu kabisa ya mpando, bibi alimuuliza kama mita hiyo inajua kusema kamwene. Alipoambiwa haijui, akasema basi Ambrose aendelee kuja, mita iwepo isiwepo, viazi vyake viko jikoni. Mlango wa pili wakasema hivyo hivyo, na wa tatu. Enoki alirudi na salamu za mtaa mzima: wazee walio peke yao wanataka kujuliwa hali, na mabomba yanayovuja bado yanataka sikio. Mzee Ambrose alipopelekewa habari hizo alifuta macho, akauliza aanze saa ngapi.

Kwa hiyo, wageni waalikwa, tafadhali zingatieni mabadiliko ya ratiba. Kochi halikununuliwa, zawadi ni viatu vya ngozi vya kupandia milima, jozi mbili, moja yake na moja ya Mama Vestina. Magari yatabaki hapa uwanjani. Baada ya chakula tutamsindikiza mstaafu wetu kwa miguu hadi nyumbani, Jasmine akiwa mbele, na mwandishi wa maneno haya, ambaye kwao pia husema ni damu yetu, akiwa nyuma anahema.

Asante, Mzee Ambrose, kwa maji, kwa uaminifu, na kwa ule ufunguo uliouweka mezani. Tunakutakia maisha mema na marefu, tena ya kusimama wima. Tangulia, tunakuja. Ila kwenye mpando wa mwisho, baba, utusubiri.

Matilda, Dawati la Huduma kwa Wateja