Aliyemwita Mke Wangu Mpendwa

Kaeni, wazee wangu, kaeni tu. Mimi si mtu wa kusimamiwa. Mwenyekiti wenu alinipigia simu akasema, "Sisi hapa Makindu tunatafuta mchungaji. Njoo utuambie mchungaji mzuri ni wa aina gani, maana nyinyi huko Emali mmekaa na wengi." Nikamwambia sijui kuhubiri. Kazi yangu ni kununua ndengu kwa wakulima na kupakia lori. Lakini kuna jambo lililonipata, nami nimekuja na hilo, somo mtalitoa wenyewe. Mke wangu anajua nitalisema. Tena asubuhi alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia, "Sema yote, na usijifanye mzuri."

Basi niseme. Ndugu zangu, mimi nilimwonea wivu mchungaji wangu. Si ule wivu wa kanisani wa nani amekaa kiti cha mbele. Ule mwingine, wa mwanaume juu ya mke wake. Mlio na wake mnaujua, hata kama mnaangalia chini.

Alikuja kwetu akiwa bado kijana, yeye na mkewe na watoto, wakitokea mkoa wa Central. Kikamba hakujua. Jumapili ya kwanza alijaribu kutusalimia kwa lugha yetu, kanisa zima likacheka mpaka akina mama wakajifuta machozi na leso. Nami nikacheka. Moyoni nikasema huyu hatadumu, hili jua litamrudisha kwao. Wakati huo mimi ndiye nilikuwa mzee wa kanisa mkubwa. Mtu akiugua naitwa mimi, majirani wakikosana kwa ajili ya mpaka naitwa mimi. Nilikuwa nimezoea hivyo, na nilipenda.

Unajua kilichoniudhi kwanza ni nini? Alikuwa anasikiliza. Mnacheka, lakini nawaambia ukweli. Mimi mtu akianza kunieleza shida yake, kabla hajafika katikati nimeshamjibu na nimeangalia saa. Huyu alikuwa anakaa tu, ameinamisha kichwa, anakuacha uongee hadi maneno yakuishie. Kuna mama mmoja mzee ambaye sisi wote tulikuwa tunamkwepa kwa sababu ya hadithi yake ya ng'ombe aliyepotea. Mchungaji alimsikiliza mpaka ikaisha. Sisi hatukuwa tunajua kwamba hiyo hadithi ina mwisho.

Halafu sifa yake ikaingia nyumbani kwangu. Nikikaa kula, ni "pasta amesema". Pasta amesema watoto waombe wenyewe, wasiombewe kila siku. Pasta akimaliza chai anaosha kikombe chake. Pasta alienda kumwona fulani hospitali na hakutangaza kanisani. Siku moja nikamuuliza mama watoto, "Na mimi? Mimi nimesema nini?" Akafikiria kidogo, akasema, "Wewe umesema chumvi imepungua."

Iliniuma, ndugu zangu. Wacha niwaambie jinsi ilivyoniuma. Siku tuliyomkaribisha kwetu, mke wangu alitwanga mahindi ya muthokoi kwa kinu. Kwa kinu, si ule wa mashine. Mimi hata sikumbuki mara ya mwisho kutwangiwa wa kinu. Yule mgeni akala, akaomba aongezwe, mke wangu akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Nilikaa pale na sahani yangu nikimhesabia tonge. Kesho yake nikaanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Nikapaka mafuta viatu vya kuendea sokoni kwenye vumbi. Hata vikombe nikaosha. Mke wangu akasimama mlangoni akaniangalia, akaniuliza, "Baba watoto, umefanya makosa gani huko?"

Sasa sikieni mambo yalivyoharibika. Simu ya mke wangu ilikuwa mbovu, huwezi kusikia mpaka uweke kwa spika. Jioni moja niko sebuleni, yeye jikoni, ikalia. Akashika. Nikasikia sauti ya mchungaji, na neno la kwanza lilikuwa, "Mwendwa wakwa."

Wakamba wenzangu, naona mmeshanyamaza. Nyinyi wengine mliotoka mbali niwaelezee. Kwa Kiswahili hapa kanisani tunaitana mpendwa. Mpendwa huyu, mpendwa yule, nani anashtuka? Lakini ulichukue neno hilo ulitie kwa Kikamba, useme "mpendwa wangu", sauti ni ya mwanaume na simu ni ya mke wa mtu. Kwetu hilo ni neno la mtu anayechumbia. Yeye, maskini, alikuwa amelitafsiri la kanisa vile lilivyo, ili atufurahishe. Baadaye nilikuja kujua anawaita wote hivyo, hata fundi aliyetutengenezea paa. Fundi hakujua acheke au akimbie. Lakini jioni ile mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba mwanaume mwingine amemwita mke wangu kwa jina ambalo mimi mwenyewe niliacha kumwita zamani.

Hakuishia hapo. Akarudi kwa Kiswahili: "Alhamisi tunaenda Ikutha. Mzee umemwambia?" Mke wangu akajibu kwa sauti ya chini, "Bado, pasta. Naogopa." Halafu akaniona mlangoni, akakata simu. Akaniambia Alhamisi anataka kwenda Ikutha kumwona mama yake. Nikamwambia, "Msalimie mama." Ni hayo tu. Ningeuliza neno moja, hii hadithi ingeisha hapo, lakini nilikuwa nimeshikwa na hasira tamu, ile mtu hataki kutulizwa.

Dereva wetu mmoja wa lori akarudi kutoka Ikutha na habari. Amewaona. Wamekaa hotelini wanakunywa chai, mke wangu analia, pasta amempa kitambaa. Mke wa mchungaji alikuwa amekaa pale pale na wao, lakini dereva hakumtaja, nami sikumuuliza. Mtu mwenye wivu haulizi swali ambalo litamharibia.

Nikaita kamati. Nilikuwa na uwezo wa kuiita, nikaita. Tukakaa kwenye kile chumba nyuma ya kanisa, nikasimama, nikaongea kama wakili. Nikasema mchungaji wetu ana siri na mke wa mtu, na mke huyo ni wangu. Nikasema ama aeleze, ama tuandikie wakubwa wamwondoe. Wazee walikuwa wananiheshimu. Nikaona vichwa vikikubali.

Mchungaji akaulizwa, "Ulienda Ikutha na mke wa mzee?"

"Nilienda. Mke wangu pia alikuwepo."

"Kufanya nini?"

"Hilo sitasema."

"Pasta," mmoja akamwambia, na huyo alikuwa anampenda, "tusaidie basi. Sema tu ni mambo gani, hata kidogo, tumalize hii maneno."

Akasema, "Mzee wangu, hiyo si yangu. Nimepewa tu niitunze."

"Hata tukikuhamisha?"

Watoto wake walikuwa ndio wamezoea shule ya pale, na mkewe alikuwa amepata kibanda cha kushona nguo. Akasema, "Hata mkinihamisha."

Nawaambia, nilifurahi. Nilisikia raha mpaka kwenye magoti. Nikafungua mdomo niseme, basi tuandike.

Wazee, mnajua desturi yetu. Wanaume wakiwa na kikao, akina mama wanaleta chai. Hiyo siku zamu ilikuwa ya mke wangu, na mimi katika kiburi changu sikukumbuka. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, sijui tangu saa ngapi. Akaingia, akaweka chupa mezani, hakumwangalia mtu mwingine ila mimi. Akasema kwa Kikamba, polepole, "Yule unayemwita shemeji, yule mdogo wetu wa mwisho pale kwa mama, si mdogo wangu. Mimi ndiye nilimzaa, kabla hujanijua. Mama alimchukua akamlea kama wake. Sasa anataka kuolewa na amejua, naye hataki kuolewa kwa uongo. Mimi nilimwomba pasta anisaidie kupata mdomo wa kukuambia. Yeye kila siku ananiambia, mwambie mzee. Ni mimi nilichelewa."

Mimi nilikaa. Na yule mchungaji niliyekuwa namfukuza hakusema "mnaona sasa". Alichukua ile chupa, akamimina chai, kikombe cha kwanza akampa mke wangu na kumvutia kiti chake mwenyewe. Cha pili akaniletea mimi.

Mnadhani wivu uliisha? Nyinyi mngekuwa mnaokoka haraka namna hiyo, msingehitaji mchungaji. Ulipata mtu mpya tu. Sasa nilikuwa namwonea wivu mwanaume ambaye simjui, wa miaka ambayo sikuwepo. Nikienda Ikutha kununua ndengu, nilikuwa nawaangalia wanaume wa rika langu mmoja mmoja, huyu mwenye kofia, huyu mwenye punda, nikijiuliza kama ni yeye. Nyumbani nilikuwa naongea na watoto tu. Mke wangu akawa anatembea ndani ya nyumba yake kama mgeni ambaye hajaambiwa atalala wapi. Tulikuwa tunaachana, ndugu zangu, bila mtu kubeba nguo.

Nikaenda kwa mchungaji, si kuomba msamaha, nilienda kugombana. Nikamwambia, "Ulijua. Ukaniacha nikajiaibisha mbele ya wazee."

Akasema, "Nilijua, mzee."

"Ungenivuta kando uniambie."

"Ingekuwa ni wewe umeniletea jambo lako," akaniuliza, "ungetaka nimvute nani kando?"

Sijui ilikuwaje, nikaanza kumwambia jambo langu la siri. Kila mtu hapa ana lake. Nilianza nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimekaa, nimelia. Hakunikatiza. Sikupewa hotuba. Aliniombea maneno machache, halafu akaniuliza, "Mama watoto umeshamsikiliza?" Nikasema nilimsikia siku ya kamati. Akasema, "Pale alikuwa ananiokoa mimi. Yake hajasema."

Nikaenda nyumbani nikamkuta anachambua mboga. Nikamuuliza, "Kwa nini ulimwambia yeye kwanza?"

Akajibu bila hasira, "Kwa sababu angenisikia mpaka mwisho. Wewe ungesimama katikati uchukue koti."

Nikavuta kigoda. Nikamwambia, "Anza mwanzo." Akaanza, akaenda mpaka ilipofika mahali pabaya, pale ambapo yule mwanaume alimkana mbele ya baba mkwe wangu. Nilitaka kusimama, wazee wangu, koti nililiona kwa msumari. Nikabaki. Akamaliza. Mboga haikupikwa siku hiyo, tulikunywa uji.

Watu wa kijana aliyetaka kumwoa yule binti walipoleta mbuzi wa ntheo huko Ikutha, wale ambao kwetu bila wao hakuna ndoa, wazee wakauliza ni nani atasimama kama baba wa msichana, maana babu yake alishakufa. Watu wakaangaliana. Yule binti akaniangalia mimi, halafu haraka akaangalia chini, kama mtu ambaye hataki kuomba. Nikasimama. Nikawapokea wale mbuzi. Mke wangu alikuwa upande wa akina mama, naye aliimba kwa sauti ya juu kuliko wote.

Basi nishukuru. Namshukuru Mungu ambaye hakunipa nilichokuwa naomba, maana nilikuwa naomba mtu ahamishwe. Nawashukuru wale wazee wa kamati, ambao hawajawahi kunikumbusha siku ile hata kwa mzaha. Mke wa mchungaji namshukuru, alikubali jina la mumewe lichafuke na yeye pia hakusema neno. Mama watoto nitamshukuru nikifika. Bado huwa anasema "pasta amesema", na bado huwa inanichoma kidogo, lakini siku hizi nauliza amesema nini.

Na lile mlilonialika kuja kusema, hili hapa. Watakuja kwenu wenye sauti nzuri na wenye vyeti, na wote watakula muthokoi wenu na kuusifu. Msihangaike na hayo. Kila anayekuja, mkalisheni mumuulize, "Huko ulikotoka, watu walikuwa wanakuletea mambo gani ya siri?" Halafu mnyamaze, mumwache ajibu. Mimi lile jambo langu bado liko kwa mchungaji wangu, na kila Jumapili nikimpa mkono mlangoni huwa namtazama usoni nikilitafuta. Sijawahi kuliona. Basi huyo wenu akianza kuwajibu, hata kidogo, hata kwa uzuri, mshukuruni kwa kuja, mpeni nauli, arudi kwao.