Noelene Pruett na Fainali ya Saa Nane

Marehemu Noelene Joy Pruett alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa Kerrabin, jimbo la Victoria, mtoto wa kwanza wa Cecil na Una Tuckwell. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Lloyd, mdogo wake wa pekee.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari mjini Horsham, akamaliza mwaka 1963. Mwaka uliofuata aliajiriwa posta, akakaa huko miaka thelathini na minane. Tarehe 18 Oktoba 1969 alifunga ndoa na Desmond Pruett, mkulima wa ngano, wakajaliwa mabinti wawili.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa na mshahara: ukatibu wa klabu yetu ya tenisi. Kila Pasaka fainali ya wanawake ilichezwa saa nne asubuhi, akina mama wakiwa jikoni wanakata sandwichi na wanaume wakiwa bado na kondoo wao. Ya wanaume ilikuwa saa nane mchana, mabenchi yamefurika. Halafu wazee wa kamati walisema, “Si mnaona? Tenisi ya akina mama haina watu.” Mwaka 1974 wakataka kuifuta kabisa. Noelene, mpanga ratiba, akabadilisha saa za fainali hizo mbili, wanawake saa nane na wanaume saa nne, bila kumuuliza mtu.

Mimi nilikuwa nimeingia fainali ya wanaume, nikamjia juu.

“Dada, umenimaliza! Nani atakuja saa nne?”

“Si mnasema watu hufuata mchezo mzuri? Cheza vizuri basi, watakuja.”

Nilishinda sita-bila, sita-moja, mbele ya Desmond na mbwa wake. Mbwa alilala. Saa nane watu walijaa hadi kwenye uzio, na Noelene akapambana na mpinzani wake Glenys Hobart seti tatu, kwa muda wa saa mbili na nusu. Alishindwa, lakini uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Tangu hapo wanawake na wanaume hupokezana saa nane mwaka kwa mwaka, na hakuna aliyetaja tena kufuta.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Wiki yake ya mwisho nilimwambia nililolificha miaka arobaini na tisa.

“Dada, mechi yenu ilikuwa bora kuliko yangu.”

“Hapa tuko wawili tu, Lloyd. Kaseme mbele za watu.”

Alifariki tarehe 14 Agosti 2023, akiwa na miaka sabini na saba. Ameacha mume wake Desmond, mabinti Kaye na Robyn, wajukuu watano, na mdogo wake, ambaye leo anasema mbele yenu nyote: yake ilikuwa bora, tena kwa mbali.

Pumzika kwa amani, dada yangu.