Zamu ya Mpiga Kengele

Ndugu, jamaa, majirani na walimu mliofika, tunawashukuru kwa kukaa nasi. Familia imemteua mdogo wa kiume wa marehemu, ndiye huyu mnayemwona ameshika karatasi, awasomee maisha ya dada yetu, mwalimu mkuu wa zamani na mtunzi wa vitabu, ambaye wanafunzi walimwita Bibi Kimya, na kabla hajaanza inabidi mjue kwamba marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, alimshika mkono akamwambia, "Usinipambe. Watu wakitoka pale wanasema nilikuwa malaika, nitajua umewadanganya." Kwa hiyo yatakayosomwa ndiyo aliyotaka yasomwe, na mengine yanauma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao ambako baba alikuwa mwendesha msumeno, mahali ambapo vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye chai na hakuna aliyeshangaa. Tangu utotoni alikuwa na kipaji kimoja, kwamba kila jambo lililotokea nyumbani aliweza kulisimulia upya kwa macho ya mwingine, na siku mdogo wake alipovunja kioo cha taa, dada alisimama mbele ya mama akaeleza mkasa mzima kama taa yenyewe ingeueleza, jinsi ilivyokuwa imejikalia zake mezani haina neno na mtu, mara ikaona kiwiko kinakuja. Mama alicheka mpaka akasahau fimbo, ingawa baadaye aliikumbuka.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1970, na huko alikuwa kiranja mkuu kwa miaka miwili, akiwa mrefu, mwembamba, asiyepaza sauti, na wenzake wanasema akisimama tu mlangoni mwa bwalo vijiko vilitulia. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1978, akapangiwa kufundisha lugha na historia katika shule ile ile ambayo baadaye aliiongoza, na jina la Bibi Kimya alilipata hapo, katika wiki yake ya kwanza, kwa watoto wa kidato cha pili ambao leo ni wazee wenye mvi na baadhi yao wako hapa.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa malori ya mizigo, mtu wa utani asiyejua kukaa na kinyongo, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1982 na wa kiume mwaka 1986. Shemeji alizoea kusema kwamba yeye akirudi safari anaulizwa maswali mengi kuliko anayoulizwa kwenye mizani ya barabarani, na kwamba mke wake akishamaliza kumsikiliza yeye, anataka kumsikiliza na utingo wake, apate upande wa pili. Shemeji alitangulia mbele ya haki mwaka 2011 na hakuna hata mmoja wetu aliyelizoea pengo lile.

Mwaka 1994 marehemu aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu, akashika hatamu za shule iliyokuwa imeoza kila upande, akainyoosha, madarasa yakapata madirisha, walimu wakaacha kuchelewa, na hata waliomchukia walikiri kwamba hana upendeleo. Sasa tunafika pale alipotaka tufike.

Tarehe 9 Septemba 2003, saa ya mapumziko ya mchana, chumba cha maktaba kiliwaka moto, wanafunzi wawili wakaungua mikono, na kesho yake asubuhi wazazi walijaa getini wakilitikisa, wakitaka kujua nani amechoma watoto wao. Maktaba ilitenganishwa kwa ukuta mmoja na stoo ya mtunza maabara, bwana mmoja mpole aliyetembea na kitambaa begani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeshughulika na taa za spiriti, macho ya kila mtu yalimgeukia. Kamati ilikaa kwenye chumba cha walimu, kelele za getini zikisikika mpaka ndani, na katikati ya kikao yule bwana aliinua mkono aseme, dada akamwambia kwa upole kabisa, "Teremsha mkono, fundi, zamu yako itafika." Mwenyekiti wa kamati akasema, "Mama, geti linaanguka, watu wanataka jina." Dada alinyanyuka, akatoka mpaka getini, akawapa jina. Watu walitulia, wakaondoka mmoja mmoja, na jioni ile ile unga wa mtunza maabara ulikuwa umemwagika, zamu yake haijafika. Bodi ilimsifu dada yetu kwa msimamo, wakamwita kiongozi.

Mwishoni mwa Novemba fundi umeme aliyekuja kukarabati jengo alifungua dari, akakuta waya umetafunwa na panya na moto umeanzia juu, mbali kabisa na stoo. Dada hakungoja, alikwenda siku hiyo hiyo kwenye chumba alichopanga yule bwana, akaambiwa na mwenye nyumba kwamba wamehama mwezi uliopita, mume ameugua ghafla na mke amempeleka kwa wazazi wake mwenyewe, na alipofika huko, tarehe 2 Desemba, alikuta watu wanatoka kumzika. Mashemeji wa marehemu yule walimzuia njiani wakamwambia arudi alikotoka, naye akarudi. Wiki iliyofuata aliwaita wazazi shuleni akatangaza mbele yao kwamba mtu yule hakuwa na kosa na kwamba kosa ni lake yeye mkuu wa shule, lakini wengi wa waliotikisa geti hawakuonekana. Juni 2004 aliandika barua ya kuacha kazi, na wote tuliomsihi asiache tulijibiwa kwa macho makavu.

Akakaa nyumbani, akasogeza meza ya jikoni mpaka dirishani, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anaandika. Ndipo kilipozaliwa kisa ambacho vijana wengi mliopo hapa mnakijua kuliko sisi, vitabu vinne vya ngome iliyo juu ya mlima, cha kwanza kilitoka mwaka 2007 na cha nne mwaka 2019, vyote vyenye malkia, majoka, mizimu ya theluji na majeshi yanayotembea chini ya ardhi. Mnakumbuka kinavyoanza, adui anaingia ngomeni alfajiri kwa sababu kengele ya mnara haikulia, raia wanajaa uani wakidai damu, na malkia, kiongozi mwema anayependwa, anaamuru mpiga kengele atupwe kutoka mnarani.

Katika kitabu cha kwanza kila msomaji alikuwa upande wa malkia, na marehemu alikusudia hivyo, halafu katika cha pili akaturudisha asubuhi ile ile kwa macho ya mwoka mikate, tukaona kamba ya kengele ilikuwa imelalamikiwa siku nyingi, na katika cha tatu akatuingiza kichwani mwa askari wa adui, aliyeisikia kamba ikikatika kule juu, na aliyemsikia mtu akipiga kelele kwa koo lake mpaka sauti ikaisha. Kila aliyefika asubuhi ile alipewa sura yake aseme aliyoyaona, hadi joka, kikongwe mwenye maumivu ya meno ambaye hakutaka vita, alitaka tu mtu wa kumng'oa jino, na tukajikuta tunamwonea huruma tuliyekuwa tunamwombea kifo. Wasomaji walibishana juu ya malkia kama mtu wa kwao, wengine wakisema alilazimika, wengine wakisema kiongozi anayeogopa geti lake hafai kukaa kwenye kiti, na marehemu hakuwahi kusema nani amepatia.

Mpiga kengele peke yake ndiye aliyekosa sura. Mwaka 2015, kwenye ukumbi wa maktaba ya mji, msichana mmoja alisimama akamwuliza, "Mama, mbona joka ana sura na mpiga kengele hana?" Dada akajibu, "Kwa sababu sijui alichokiona. Sikumwuliza." Ukumbi ulicheka na kupiga makofi, wakidhani ni madaha ya waandishi, na mdogo wake huyu anayewasomea, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alitamani ardhi ipasuke.

Kitabu cha tano kilipaswa kuwa cha mwisho, na kilipaswa kuwa cha mpiga kengele. Alikianza zaidi ya mara moja, na kila mara alimwandika mtu yule akiwa amejaa hasira, akimlaani malkia wakati anaanguka, kisha anasoma alichoandika, anachana. Mhariri wake, kwa nia njema, alimwambia, "Mama, tunga tu, si ndiyo kazi yetu?" Dada akamjibu kwamba aliwahi kumsemea mtu huyo mara moja na hatarudia.

Oktoba 2023 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, vipimo vya tarehe 22 Novemba vikaonyesha saratani, akapasuliwa Januari, akapata nafuu ya miezi michache, na mwezi Julai alilazwa tena wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani, akiwa amebaki macho na mifupa. Hapo ndipo alipomwomba binti yake amtafutie mjane wa mtunza maabara, na binti akampata, ni mshonaji, ana chumba chake cha cherehani, akamweleza bila kuficha mama anataka nini kwake.

Mjane alikuja Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024, saa ya kuwaona wagonjwa, akakaa kwenye stuli, mkoba mapajani, akasema, "Mama, mimi sijaja kugombana na mgonjwa." Dada akamwuliza mumewe alisema nini siku zile, na mjane akasema, "Kuhusu moto hakusema kitu. Kila asubuhi alikuwa anavaa shati lake safi, anakaa mlangoni. Nikimwambia tuondoke hapa, ananiambia ngoja kidogo, mama mkuu ataniita, yule ni mtu wa haki." Dada alilia bila sauti. Alipoweza kusema aliomba msamaha, na mjane akamjibu polepole, "Hilo si langu kutoa, mama. Lilikuwa lake." Akamfunika shuka vizuri miguuni, akaaga.

Binti alidhani sasa sura itaandikwa, akamwekea mama yake kalamu na karatasi, lakini marehemu alivisukuma pembeni. Alisema, "Nilidhani alinichukia. Hilo ningeliweza kuliandika." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kuhusu kitabu, na tarehe 8 Agosti, saa tano asubuhi, alikata roho, mikononi mwa binti yake. Wasomaji mnaouliza, na mmeuliza mpaka hapa msibani, familia inawajibu kwamba kitabu cha tano hakipo, na hatutampa mtu mwingine akiandike.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemwita "mwalimu" mpaka mwisho, majirani waliotupikia na kukesha nasi, walimu aliofanya nao kazi, mhariri wake na wasomaji mliosafiri kutoka mbali. Mjane wa mtunza maabara tulimwalika, akasema ana nguo za watu za kumaliza, na tunamwelewa. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na wadogo zake watatu.

Umetuachia uchungu, dada, na hatuna cha kukutetea, zaidi ya kwamba ulijua. Pumzika kwa amani kama utaipata, na huko ulikokwenda, ukimkuta, mwache aanze yeye kusema.