Vijidudu Wasiopenda Nguruwe

Benchi la Mama Soya limebanwa kati ya ukuta wa hekalu na masufuria yake ya maziwa ya soya, katika kichochoro kimoja cha Tainan, Taiwan. Wanaoketi hapo kila asubuhi ni mzee A-Tek, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, na Khun, fundi pikipiki, aitwaye Spana. Siok-Hun hujiunga nao akishabandika kibandani mwake chungu cha nguruwe wa kumwagia juu ya wali, chungu kilichowalisha na kuwasomesha wanawe. Leo alifika hajalala. Joto la kukoma hedhi lilikuwa limelowesha shuka mpaka likahitaji kukamuliwa.

— Nipe soya, Mama. Bakuli kubwa.

— Mwaka mzima bakuli kubwa la kutuliza joto, alisema Redio. Mama Soya anakunywa kikombe tu na halijui joto hilo. Kwa nini?

— Ana bahati.

— Hali nyama! Soya ni kama unga, mwanangu. Tumboni lazima wawepo vijidudu wa kuupika uwe dawa. Watafiti wanasema wasiokula nyama ndio wanao zaidi.

— Mbona mimi asubuhi sili nyama? Niliahidi hekaluni mama mkwe alipougua.

— Na chungu unakionja saa ngapi?

Siok-Hun alikoroga soya yake.

— Alfajiri. Lakini natema.

— Unatema, wao wameshasikia harufu! alidakia Spana. Wamehama, dada.

— Wamehamia wapi?

— Kwa Mama Soya. Huoni anavyonenepa?

Mama Soya alimtishia kwa upawa.

— Hata mvuke unatosha, alisema Redio. Unapita puani, unawakuta wamelala, unawafukuza. Wale ni watu wa ibada. Funga kibanda, kula mboga, mwezi hauishi utakuwa unakoroma.

— Nikifunga tutakula nini?

— Mwachie mwanao, alisema Mama Soya.

— Yule? Hatofautishi sukari na chumvi hata akionja, ataweza chungu?

— Basi ungua, alisema Spana. Nguruwe wako, moto wako.

Walicheka. Siok-Hun hakucheka. Mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu hukubali lolote linalosemwa kwa sauti ya uhakika, na Redio hakuwahi kuwa na sauti nyingine.

— Haya. Kesho naapa. Kibanda nafunga.

— Umeamua vizuri! alisema Redio, akajipigia paja.

Hapo akatoka langoni mwa hekalu mtawa wa kike Biau-sin, ambaye wote humwita Mwalimu, dumu mkononi, kichwa kilichonyolewa kinang'aa jasho. Mtaa mzima unajua hajaonja nyama tangu utotoni. Akaketi, akajipepea kwa kofia.

— Leo nipe ya barafu, Mama. Naungua kama tanuri, mwaka wa pili huu. Soya yako nakunywa kila siku. Mbona hainisaidii?

Mama Soya alimtazama Redio. Redio aliinamia kikombe chake. Spana akaanza kukagua viatu vyake.

— Nawe hulali, Mwalimu? aliuliza Siok-Hun.

— Nasali tu mpaka kuche.

— Umemwona daktari?

— Naona haya. Niende na nani?

— Na mimi. Nikimaliza kuuza wali, nakupitia.

— Leo?

— Leo. Na kesho nafungua kama kawaida.